Bibi Harusi Aliyekataa Kunenepa

Shangazi Sofia alipoapa mbele ya majirani kwamba atamnenepesha dada yangu Rehemah kabla ya harusi, hakuna aliyejua kwamba atakayenenepa ni mimi. Mimi nilijua. Nimeishi na mwili huu tangu kuzaliwa na ninazijua tabia zake. Nikipita tu karibu na kikaango, gauni linaanza kunibana kwapani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, Bugembe, nje kidogo ya Jinja. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, na serikali ya wanajeshi, iliyokuwa na wenzetu wengi, ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa, kila mtu alitutazama kana kwamba tulikuwa tukilala ikulu. Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Silaha kali kuliko zote aliyowahi kushika ni mkasi. Hata hivyo tulikimbia na wenzetu, mara kwa lori, mara kwa miguu, mpaka Yei, Sudan ya kusini, na Baba tulimzika hukohuko. Wakati wa kurudi Mama aliolewa tena Arua, na sisi mabinti wawili tukaletwa nyumbani na Shangazi Sofia, dada yake Baba, mwanamke mfupi ambaye akikuita kutoka jikoni wanaitika na watu wa barabarani.

Tuliorudi tulirudi wakavu. Kwa hiyo mtu alipoanza kujaza mashavu, watu walimshika bega wakasema alhamdulillahi, kwa huyu vita vimekwisha. Unene ulikuwa habari njema. Na wembamba ulikuwa habari mbaya kuliko zote, maana miaka ile kulikuwa na ugonjwa uliomkausha mtu mpaka nguo zikamning'inia, Ukimwi, na Uganda nzima iliuita Silimu. Ukikonda kidogo tu kwa sababu ya malaria, jirani alianza kukusalimu kutoka mbali.

Sasa mfikirie Rehemah. Mrefu, macho makubwa, shingo nzuri, na mikono ambayo bangili ilipanda mpaka kwenye kiwiko bila kugusa popote. Si kwamba hakula. Rehemah alikula kama mtu aliyetoka kuchimba kisima, akafuta sahani, akauliza kama yangu nimemaliza. Chakula kilikwenda wapi, Mungu ndiye anajua.

Marjan, fundi wa magari wa Namakwekwe kule Mbale, naye Mnubi, alimwona Rehemah kwenye harusi ya jamaa zetu akampenda hivyohivyo alivyo. Posa ililetwa, ikapokelewa. Lililobaki lilikuwa moja: bibi harusi akiisha kuwekwa ndani na kutunzwa, wanawake wa upande wa bwana huja kumwona, na mkubwa wao akiridhika, ndipo siku ya harusi inatajwa. Mkubwa wao alikuwa Mama Marjan. Marjan alikuwa mtoto wake wa pekee, na alishasema wazi kwamba hataoa bila radhi za mama yake. Na dada yangu alikuwa amempenda mtu huyo mpaka akawa anacheka peke yake akimenya viazi.

Basi Shangazi akaanza kazi. Kila asubuhi alikaanga gurusa, ile mikate yetu minene ya kumiminwa kwenye sufuria, akaimwagia samli na asali. Adhuhuri wali na nyama. Alasiri uji wa simsim, yaani ufuta, ulioshika kijiko kikasimama. Na kwetu bibi harusi hali peke yake. Kula peke yake ni nuksi, ni kuitia nyumba yake upweke kabla hajaiingia. Lazima awe na mwenzake wa sinia, msichana wa damu yake, anayekula naye tonge kwa tonge tangu siku ya kwanza ya kuwekwa ndani.

Damu yake ilikuwa mimi. Nilijaribu kukataa, nikaambiwa nina roho mbaya, ninamwonea dada yangu wivu. Nikakaa nikala. Na sitadanganya, gurusa za Shangazi Sofia zilikuwa tamu.

Wiki zikapita. Rehemah alikuwa vilevile, kama amekula upepo. Mimi nilifumua mishono ya magauni yangu yote, kisha nikahamia kwenye dera, kisha dera nalo likaanza kulalamika. Namukose, Msoga aliyeuza ndizi mbele ya nyumba yetu, alichungulia siku moja akashika kiuno.

"Sofia! Kwani halusi ni ya nani? Ya huyu munene, ao ya huyu ya kukauka?"

Shangazi hakucheka. Alikaa akafikiri, na jibu alilopata lilikuwa kwamba mimi ni mwizi.

"Hajara, wewe nakula fungu ya dada yako," akanishitaki. "Mimi iko na macho."

"Shangazi, wewe mwenyewe unapakua! Unatuona!"

"Naona mkono. Sioni tumbo."

Akanifukuza kwenye sinia. Mimi nikapewa mihogo ya kuchemsha bila hata chumvi ya kutosha, na Shangazi akakaa yeye mwenyewe kuwa mwenzake bibi harusi, huku fimbo ya kukorogea uji iko mapajani, akilinda kila tonge liingie mahali pake. Matokeo yalikuja haraka. Rehemah hakuongezeka hata kidogo. Mimi sikupungua. Shangazi Sofia, dada yake Baba, ndiye aliyefura, mpaka bangili zake za fedha zikagoma kutoka, ikabidi Namukose alete sabuni. Nilicheka siku hiyo mpaka nikaumwa mbavu, na Rehemah akacheka mpaka akapaliwa, kisha akaomba uji mwingine.

Lakini siku ya kuonwa ilifika, na hapo kicheko kikaisha.

Mama Marjan alikuja kutoka Mbale na wanawake wanne, wote wananukia udi. Yeye mwenyewe alikuwa mama wa mwili, ametulia, wa kuamkiwa. Alikaa mkekani, akanywa maji, akamfunua Rehemah mtandio. Akamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilizunguka vikakutana vikapitana. Wanawake wanne wakatazamana, na mmoja akasema neno lile kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha.

"Silimu."

Rehemah aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeshika birika la chai na nilitamani kulimimina lote kwenye kichwa cha yule mwanamke, na sukari yake.

"Sofia," akasema Mama Marjan taratibu, "huyu mutoto mulikuwa namupa chakula kweli?"

"Wallahi tulimupa! Tulimupa mpaka samli ikakwisha Bugembe!"

"Na huyu?" Alikuwa ananitazama mimi. "Huyu ni nani?"

"Huyu Hajara. Dada yake mukubwa."

Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, na uso wake ukalainika. "Mashallah. Sasa ona. Sisi tulileta posa kwa hii nyumba, na nyumba iko na wasichana wawili. Mimi sina ugomvi na nyumba. Mutupe huyu."

Shangazi alifungua mdomo, na Mungu anisamehe, nilimwona akiwaza.

"Mimi si mbuzi wa kubadilishwa mnadani," nikasema. "Mwanao anamtaka Rehemah. Mimi simtaki mwanao, hata akija na karakana yake yote."

"Hajara!" Shangazi akanifinya.

Mama Marjan hakukasirika, na hilo lilinitia hofu zaidi. Alisema hawezi kumwozesha mtoto wake wa pekee kaburi. Kama tunadai msichana ni mzima, twende Mbale kwa daktari, apimwe, kisha tuje kwake Namakwekwe tumwambie macho kwa macho. Usiku ule Rehemah hakula, na hapo ndipo nilipojua jinsi alivyoumia.

Daktari tuliyempata Mbale aliitwa Khainza, mwanamke wa Kigisu mwenye miwani na subira, aliyekuwa amesoma Kenya na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Alimtoa Rehemah damu kwa ajili ya ule ugonjwa. Kisha akasema wembamba una sababu nyingi, hata ugonjwa wa sukari unaweza kumkondesha mtu, kwa hiyo anataka mkojo pia. Akampa kikopo.

Rehemah akakitazama kile kikopo kama amepewa nyoka. "Mimi siendi peke yangu," akasema. "Hajara naye atie."

"Mimi siumwi!"

"Nimekula sinia moja na wewe. Tia."

Daktari Khainza akacheka, akatoa kikopo cha pili. Nikatia, ili tu mtoto aache kusumbua.

Tuliambiwa turudi Jumatano. Tulirudi, tukakaa bega kwa bega kwenye benchi, mkono wa Rehemah ndani ya wangu, umelowa jasho. Daktari alianza na yeye. Hakuna Silimu. Hakuna sukari. Hakuna lolote. "Wewe ni mzima kuliko mimi," alimwambia. Rehemah akaanza kulia na kucheka pamoja, na mimi nikasimama kumkumbatia.

"Hajara, wewe kaa," akasema Daktari.

Nikakaa. Akanichoma kidole, akapima damu, akapima tena. Akaniuliza kama ninasikia kiu sana. Nikasema ndiyo, lakini jua la mwaka huu ni kali. Akauliza kama ninaamka usiku kwenda haja ndogo. Nikasema nani haamki? Rehemah akainua mkono kama mwanafunzi akasema yeye haamki.

"Una ugonjwa wa sukari," Daktari akaniambia. "Nyumbani kwenu kuna mwingine? Baba, mama?"

Nilikuwa nataka kusema hakuna. Kisha nikamwona Baba kule Yei. Baba alikuwa mnene wa kujivunia alipokuwa Jinja, na alipofika kambini alianza kunywa maji, anakunywa, anakwenda nje, anarudi, anakunywa, mpaka watu wakasema amelogewa kisima. Akakonda upesi. Sisi tukasema ni huzuni, anailia cherehani yake iliyoporwa. Alikufa akiomba maji. Nilimweleza Daktari yote hayo. Nililia kwa uchungu na kwa hasira pia, kwa sababu miaka yote tulidhani ugeni ndio uliomuua, kumbe ni kitu chenye jina, kinachopimwa kwa kikopo.

Daktari Khainza aliningoja nimalize. Kisha akatueleza, na nitasema nilivyoelewa. Mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, lakini nusu hiyo haiwi ileile kwa kila mtoto. Inachanganywa upya kila mara. Ndani yake kuna vitu vidogo sana vinavyoitwa jeni, na jeni za watu hutofautiana hapa na pale. Nyingine humfanya mtu asishibe upesi, nyingine huusukuma mwili kuweka mafuta, nyingine huilegeza ile kazi ya kuondoa sukari kwenye damu. Hakuna moja inayofanya yote. Kila moja inasukuma kidogo tu, na wewe ukizipokea nyingi zinazosukuma upande mmoja, basi.

"Dada yako mwili wake unachoma kila anachokula," alisema. "Wako unaweka akiba."

"Kwa hiyo Mungu alinihukumu tangu tumboni?"

"Hapana. Zinasukuma, haziamui. Mliwekwa wote wawili kwenye samli ileile. Yeye haikumfanya kitu, wewe ilimalizia kukusukuma. Ukipunguza na ukitembea, na dawa ukinywa, utaishi uwaone wajukuu."

Rehemah akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alimwambia Daktari kwamba tulipokuwa tunakimbia, tulipita siku nyingi bila chakula karibu na mpaka, na yeye alibebwa mgongoni mwa Baba, macho yamezama, watu wameshaanza kumsomea. Mimi nilitembea kwa miguu yangu na sufuria kichwani. "Alikuwa ananitafunia mihogo mibichi ananitia mdomoni," alisema. "Kila mtu alishangaa nguvu zake."

"Pengine ni mwili huohuo," Daktari akajibu. "Wako wataalamu wanaofikiri hivyo, na wako wanaobisha. Lakini mwili wa kuweka akiba, siku ya njaa, ni mali."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Sikujua niushukuru mwili wangu au niutukane, na kwa kweli nilifanya vyote viwili njia nzima. Nilikuwa nimeambiwa chai bila sukari. Afadhali wangenirudisha Yei.

Kabla hatujafika Namakwekwe, Rehemah alinisimamisha kwenye kivuli cha duka. "Mimi nitawaambia habari yangu tu," alisema. "Yako usiitaje. Watu wakijua, nani atakuoa? Watasema nyumba yetu ina ugonjwa wa kurithi."

"Na kama Mama Marjan hakuamini?"

"Basi asiamini. Mume atapatikana mwingine." Alisema hivyo akiutazama ukuta wa duka, mwongo mkubwa.

Mama Marjan alikuwa amejaza watu sebuleni. Wale wanawake wanne walikuwepo, Shangazi Sofia naye alikuwa ametangulia, amekaa pembeni amejikunyata, na Marjan alisimama mlangoni na ovaroli ya grisi, hana hata pa kuweka mikono. Rehemah akasema alichoambiwa na daktari. Marjan akatoa pumzi iliyosikika chumba kizima.

Lakini mama yake alitikisa kichwa. "Daktari nasema hivyo kwa kila mutu, anaogopa kuvunja moyo. Mimi naamini macho. Mutu muzima akila, ananenepa. Hawa wawili walikula sinia moja. Mumoja amenawiri, mumoja amekauka. Ule muzima ni nani? Hata mutoto mudogo ataona."

Wale wanne wakaitikia. Rehemah alianza kunyanyuka, amevuta mtandio usoni, na nilijua akitoka mlango ule hatarudi. Akanitazama mara moja na kutikisa kichwa: usiseme.

Mimi sijawahi kumtii Rehemah, na sikuona sababu ya kuanza siku ile.

"Macho yako yamekudanganya, Mama," nikasema. "Mgonjwa ni mimi."

Shangazi akatoa mguno. Sikumpa nafasi. Nikasimama katikati ya mkeka na mwili wangu wote walioupenda, nikawaambia. Nikawaambia kiu, nikawaambia kuamka usiku, nikawaambia sukari kwenye mkojo. Nikawaambia habari ya Baba, na kwamba mimi nimechukua kwake, na Rehemah amechukua kwa Mama wetu wa Arua, mwembamba mpaka leo na mzima kama chuma. Nikasema sinia ni moja lakini tuliokaa pale hatukuumbwa sawa, na samli iliyompita yeye mimi imenikuta. "Mlikuja kutafuta mwenye afya mkanishika mimi," nilimaliza. "Mzima ni yule mnayemfukuza. Sasa mnajua, na mkitaka kwenda kutangaza Mbale nzima, mlango ule pale."

Shangazi alikuwa analia kimyakimya, na nilidhani analia aibu, mpaka nikasikia anasema, "Kaka yangu. Kumbe kaka yangu alikuwa na kiu hiyo." Wale wanne walikuwa wanaangalia vidole vyao. Nilikuwa nimejifungia mlango wa ndoa mwenyewe, mbele ya mashahidi, na bado sikujua kama nimemfungulia dada yangu.

Mama Marjan aliwaambia wale wanne waende jikoni wakatazame wali. Hawakutaka, aliwatazama, wakaenda. Akamwambia Marjan atoke. Kisha akanivuta mkono nikae karibu naye kabisa, akainamisha kichwa mpaka udi wake ukanijaa puani.

"Hiyo kiu," akanong'ona. "Inakuja namna gani?"

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa na woga mtupu, woga ambao mimi nilikuwa nimeubeba tangu asubuhi, na hasira yangu yote ikaniishia.

"Unakunywa, na bado mdomo mkavu," nikasema. "Unakunywa tena."

"Na usiku?"

"Unaamka. Unalala, unaamka tena. Miguu inawaka moto kidogo."

"Mimi nilikuwa nasema ni pilipili," akasema. "Mwaka mbili sasa nasema ni pilipili." Alikuwa bado ameshika mkono wangu na hakuuachia. "Huyo daktari mwanamuke. Atakubali nikienda na wewe?"

"Kesho asubuhi nakupeleka. Ila nikuonye, atakuchukulia sukari ya chai."

"Yaani yote?"

"Yote, Mama."

Akafumba macho kama mtu aliyepewa habari ya msiba, na mimi nikashindwa kujizuia, nikacheka. Naye akacheka, tumbo lake lote likatikisika. Rehemah alikuwa amesimama palepale mlangoni, mtandio mkononi, anatutazama haelewi afurahi au akimbie.

"Na dada yangu?" nikauliza.

Mama Marjan akajifuta macho. "Mimi nitakataa damu yenu na maneno gani sasa? Marjan naye ni damu yangu. Hata yeye hajui amechukua fungu gani." Akainua sauti, ikafika jikoni na uani na kwa jirani. "Marjan! Ingia ndani useme siku. Na nyinyi huko, leteni chakula, mutoto wangu amekaa na njaa tangu asubuhi!"

Rehemah aliketi kwenye sinia kando ya mama mkwe wake, machozi bado yako mashavuni, akala wali wote wa upande wake. Kisha akageuka akaniuliza kama wangu nimemaliza. Nikamsogezea.